Nyumba ya Kitale Iliyofuata Saa za Brazili

Kwa miaka mingi, nyumba ya Mama Respa iliyo nje kidogo ya Kitale, upande wa barabara ya Endebess, ilifuata saa za Brazili. Taa za nje, geti, pampu ya maji na taa ya joto ya vifaranga, vyote viliendeshwa na kompyuta moja iliyoamini kwamba iko Amerika ya Kusini. Waliojua ni fundi aliyeipanga na Mama Respa mwenyewe, ambaye hakuona kama ni jambo la kumwambia mtu. Mambo yalikwenda sawa kabisa. Yaliharibika siku niliporudisha nyumba hiyo Kenya.

Nitafika huko. Kwanza mnijue. Mimi ni Nafula, fundi mstaafu. Nilianza na redio, nikaenda kwa waya za nyumba, kisha pampu za visima, na miaka ya mwisho nikawa nafunga nyumba zinazojiendesha, zile ambazo taa inajiwasha, geti linajifunga, na tanki likijaa pampu inazima bila mtu kupanda ngazi kuchungulia. Ninyi mnaoanza sasa mnavijua vifaa hivi kunishinda, na sitajaribu kushindana. Ninachoweza kuwapa ni habari ya yale yanayotokea kifaa kikishaingia katika nyumba ya watu, maana vituko huanzia hapo.

Nyumba ya aina hiyo huwa na seva. Ni kompyuta inayokaa pembeni, mara nyingi juu ya friji au ndani ya kabati, ikishika amri zote. Unaiambia, taa za nje ziwake jioni, zizime asubuhi. Unaondoka. Seva inakumbuka na taa zinatii. Watu wakiizoea husahau kabisa kwamba ipo, mpaka siku itakapokufa.

Aliyenifundisha kazi ni Njoroge. Wazazi wake walitoka huko katikati ya nchi wakapata shamba Trans-Nzoia kabla hajazaliwa, na alikiongea Kibukusu chetu vizuri, hasa wakati wa kupunguziwa bei. Karakana yake ilikuwa Kitale, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, kwa hiyo kila kitu tulichotengeneza kilikuwa na unga juu yake. Mteja akileta redio, Njoroge alianza kwa kuipuliza. Mara nyingine hiyo ilitosha.

Alikuwa na desturi moja iliyonikera. Tukifika kwa mteja, hakugusa chombo chochote kabla ya kunywa chai ya hapo. Alikaa, akauliza nani huamka wa kwanza, nani hufunga mlango, kuku wanalala wapi, mbwa anaogopa nini. Mimi nimesimama na sanduku la zana, nahesabu nyumba zilizobaki. Nilidhani anapenda chai. Kweli aliipenda, na ilibidi iwe na tangawizi, lakini hakuwa ameendea chai.

Nilikuja kuelewa faida yake Matulo, karibu na Webuye, nilipokwenda peke yangu kufunga sensa ya mwendo, kijicho kinachohisi kitu kikitembea, katika zizi la ng'ombe. Mwenye zizi alitaka taa iwake mwizi akiingia. Sikunywa chai, nilikuwa na haraka. Wiki iliyofuata akanipigia. Taa ilikuwa inawaka na kuzima usiku kucha, na majirani walikuwa wameanza kuuliza ni nani amefariki pale, maana walidhani kuna mkesha. Nikarudi, nikakaa zizini nikaangalia. Ilikuwa mkia. Kila ng'ombe akifukuza nzi, sensa inaona mwizi. Niliziba nusu ya chini ya jicho la sensa kwa utepe mweusi ili ione watu tu, na mkesha ukaisha. Ningeuliza ng'ombe wanalala wakielekea wapi, nisingerudi.

Kibabii nako, karibu na chuo kikuu, mwenye hosteli alitaka taa za chumba cha kusomea zizime zenyewe kama hakuna mtu. Wazo zuri. Lakini mtu anayesoma hatingishiki. Wanafunzi wakawa wanasoma ukurasa mmoja, giza, wanapunga mikono, mwanga, ukurasa mwingine. Nilipoenda kukagua nikakuta wamefunga kitambaa cha kupangusia sakafu kwenye feni, kinazunguka mbele ya sensa polepole. "Huyo ndiye prefekti wetu, Madam," mmoja akaniambia. "Yeye halali." Nilirefusha muda wa taa, lakini nasikia prefekti aliachwa kazini mpaka kitambaa kilipochanika.

Sasa nirudi kwa Mama Respa.

Ni mjane, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, na anaishi peke yake. Ana kuku wengi na hadithi nyingi zaidi. Binti yake wa pekee, Nanjala, ni muuguzi, na anakaa Kanduyi pale ukingoni mwa mji wa Bungoma. Mifumo ya nyumba ile ilifungwa na Njoroge mwenyewe, kazi yake moja ya mwisho kabla hajafariki, na ilimwezesha mama yule kukaa peke yake bila kutoka nje giza likiingia. Jioni geti linajifunga, taa za nje zinawaka, taa ya vifaranga inawaka baadaye kidogo. Asubuhi geti linafunguka na pampu inapandisha maji. Njoroge aliongeza na kinga moja: geti likishajifunga kwa usiku, swichi ya ndani ya nyumba haiwezi kulifungua. Linafunguka kwa ufunguo wa mkono tu, na ufunguo huo Mama Respa aliufunga kwa kamba akauvaa shingoni, chini ya nguo.

Kompyuta yake ilikuwa kubwa kama sanduku la bati la shule, mtumba, na ilikuwa imezeeka. Jioni moja ya mvua ikazima, haikuwaka tena mpaka asubuhi. Geti likabaki wazi, nje giza. Mama Respa akatoka kwenda kulifunga mwenyewe, akateleza kwenye matope, akaumia kifundo cha mkono. Jirani akamkuta amekaa pale chini.

Nanjala alipopata habari alitoa hukumu kwa simu. Mashine hiyo ikizima tena, Mama anahamia Kanduyi. Chumba kiko tayari. Hakuna mjadala.

Mama Respa akanipigia nikiwa nyumbani nachambua maharagwe.

"Fundi, najua umestaafu."

"Ndiyo, Mama."

"Basi staafu kesho kutwa. Kesho njoo."

Nilikwenda na kompyuta mpya, ndogo kama kitabu cha nyimbo za kanisa. Aliichukua kwa ule mkono mzima, akaigeuza.

"Hii ndiyo itafunga geti?"

"Ndiyo hii."

"Hata paka anaweza kutoroka nayo." Akanirudishia. "Sikiza, Nafula. Nanjala anakuja leo kuona kama inafanya kazi. Ukiharibu, umenihamisha. Sikutishi. Nakwambia tu ndiyo ujue unashika nini."

Nilikunywa chai yake. Nataka ieleweke kwamba nilikunywa. Niliuliza pia kuku wanalala wapi. Swali ambalo ningeuliza sikulijua bado.

Kwa wale ambao hawajawahi kuhamisha seva, ninavyofanya ni hivi. Kabla ya kuzima chochote, nakili amri zote, kisha nakili tena mahali pengine, maana nakala moja kwenye flashi ni ahadi tu. Piga picha ya nyuma ya kompyuta kabla ya kuchomoa waya hata mmoja. Kuna kijiti kidogo cha USB kinachozungumza na balbu na sensa bila waya. Hicho kihamishe kilekile, usinunue kipya kwa kujionyesha, la sivyo utazunguka nyumba nzima ukijitambulisha upya kwa kila balbu. Kiweke mbali kidogo na kompyuta kwa waya wa kurefusha, hakipendi kubanwa. Majina ya vifaa usiyaguse. Kwa Mama Respa geti liliitwa Askari, tanki liliitwa Mjomba kwa sababu ya tumbo, na taa ya vifaranga iliitwa Yaya. Fundi mwenye haraka angeandika swichi ya kwanza, swichi ya pili, na mwenye nyumba angepotea ndani ya nyumba yake. Halafu ile kompyuta ya zamani usiitupe. Iache pembeni, imezimwa, mpaka mpya ithibitishe kwamba inajua kazi.

Hayo yote niliyafanya. Nilitoa hata manyoya ya kuku ndani ya ile ya zamani, kwa heshima.

Nilipokuwa nalinganisha mipangilio, nikafika pale ambapo kompyuta huambiwa ifuate saa za nchi gani. Ya zamani ilikuwa imeandikwa Brazili. Nikacheka peke yangu. Nikaona huyo ni mtumba aliyetembea, ametoka huko na hakuna aliyemwambia amefika. Kwenye mpya nikachagua Nairobi, nikaendelea, nikiwa na furaha ile ya mtu aliyepangusa vumbi kwenye kabati la mwenzake bila kuombwa.

Mama Respa alipita nyuma yangu na sufuria, akaangalia skrini.

"Saa yako imekimbia."

"Hapana, Mama. Sasa ndiyo iko sawa. Nimeirekebisha."

"Haya." Akaenda jikoni.

Nilijaribu taa, zikawaka na kuzima. Nilijaribu geti, likafunguka na kufunga. Pampu ikanguruma. Kila kitu kilitii kidole changu, nikatangaza kazi imekwisha, tukakaa kupiga gumzo tukimngoja Nanjala. Jua lilikuwa kali, saa sita na kitu. Ghafla nikasikia geti likijivuta. Nikatazama nje. Taa zote za nje zilikuwa zimewaka, katikati ya mchana, na geti limejifunga. Na nje ya geti kulikuwa na gari dogo jeupe limesimama, linapiga honi.

Nilikimbilia swichi ya ndani. Haikufanya kitu. Kwa maoni ya nyumba ile, usiku ulikuwa umeingia.

Mama Respa alichukua fimbo yake akashuka polepole mpaka getini. Nikamfuata. Nanjala alikuwa ameshatoka garini, mikono kiunoni, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini, akamwita mama yake kwa Kibukusu.

"Mayi, shikamoo. Kwani umelala mchana?"

"Marahaba. Sijalala. Ni nyumba imelala."

"Taa zinawaka jua likiwa hivi. Si nilisema?"

"Ulisema ikizima." Mama Respa akaonyesha taa kwa fimbo. "Imezima? Angalia vizuri. Hii imewaka."

Nanjala akanigeukia. "Fundi, wewe ni shahidi. Hii ni kuzima ama ni kuwaka?"

"Kwa kweli ni kuwaka," nikasema, "lakini naomba muda niangalie."

"Mayi, fungua basi. Ufunguo si uko nao?"

"Niko nao."

"Si ufungue?"

Mama Respa akakaa juu ya jiwe lililoko pale ndani ya geti, akaegemeza fimbo gotini. Nikajua hatufungui haraka.

"Ukiingia," akasema, "utaanza kukunja nguo zangu uweke kwa sanduku. Nakujua. Ukiwa hapo nje unasikiza. Tuongee hivi hivi."

"Ati tuongee kwa geti? Watu wanapita, Mayi."

"Wapite. Wengine niliwafundisha kusoma, watatusalimia."

"Nimekuletea samaki. Itaharibika kwa hii jua, bana."

"Weka chini ya gari, kuna kivuli."

Mtu alipita na baiskeli, kweli akasalimia, "Habari ya mchana, Mwalimu," akaziangalia taa, akaendelea na safari. Nilitaka kurudi ndani kwenye kompyuta, lakini Mama Respa alinishika sketi. Alitaka shahidi.

"Sema sasa," akamwambia binti yake. "Mimi nikija Kanduyi, kuku wangu waende wapi? Hapo kwako hata jogoo hana mahali pa kusimama."

"Sio kuku, Mayi."

"Ni nini?"

Nanjala alishika vyuma vya geti. Sauti ilimbadilika. "Ile siku ulianguka. Ulikaa kwa matope ukingoja nani? Jirani ndiye aliniambia, wewe hukusema. Mimi kazini nabeba wamama wa watu kutoka kitanda hii mpaka ile, na simu iko mfukoni. Kila ikilia nadhani ni hiyo. Kila ikilia. Hata mtu akiniuliza bei ya mboga, kwanza moyo inaruka."

Kuku mmoja alikuja kudonoa karibu na kiatu cha Mama Respa, naye hakumfukuza.

"Hukuniambia hivyo," akasema mwishowe. "Uliniambia habari ya chumba tu. Kina dirisha kubwa, kimepakwa rangi."

"Kina dirisha kubwa kweli."

"Sasa unataka nini hasa? Kunihamisha ama kujua?"

"Nataka kujua umeamka. Asubuhi nijue tu umeamka."

Hapo ndipo nilipopata nafasi ya kusema neno la maana siku ile. Nikawaambia inawezekana. Sensa ndogo kwenye mlango wa jikoni, Mama akifungua asubuhi, simu ya Nanjala inapata alama. Haimpigi picha, haimsikilizi, inasema mlango umefunguka, basi.

Mama Respa akafikiri. "Na mimi nitaona nini yake?"

"Yangu?" Nanjala akauliza.

"Ati wewe uone mlango wangu wa jikoni, na mimi nikae tu? Wewe unatoka kazini giza, unapita hapo stejini kwa matatu. Nani ananiambia umefika? Fundi, mlango wake pia uweke hiyo kitu. Nione amefika."

"Nitaweka, Mama."

"Na kile chumba chenye dirisha, kina taa?"

"Kina taa," Nanjala akasema.

"Iunganishe pia. Kama ni changu, nione kama inafanya kazi."

Akatoa ufunguo shingoni, akamfungulia binti yake. Walishikana mikono ya salamu muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha Nanjala akatoa samaki chini ya gari.

Tukarudi ndani. Nilikuwa bado sijui kilichotokea, na nilisema hivyo. Amri zilikuwa sahihi, nimezinakili neno kwa neno. Mama Respa akavuta kiti.

"Si nilikwambia saa yako imekimbia?"

"Mama, hiyo ndiyo saa ya Nairobi."

"Nairobi ni yao. Mimi nilimwambia Njoroge saa ya Kizungu inanichanganya. Mimi siku yangu inaanza jua likichomoza, na saa moja ni saa moja. Sitaki kuangalia skrini halafu nianze kutoa sita na kuongeza sita kama mtoto wa darasa la pili. Akakaa hapo, akanywa chai karibu amalize birika. Halafu akatafuta nchi ambayo sisi tukiwa saa moja asubuhi, saa yao inasema moja. Akaniambia, Mwalimu, nimekupeleka Brazili. Nikamwambia asante."

Nanjala alianza kucheka kabla yangu. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Ilikuwa kweli. Kompyuta ikifuata saa za kule, saa moja yetu ya asubuhi inasoma moja, saa sita ya mchana inasoma sita. Hata zile herufi za Kizungu zinakaa vizuri kuliko zinavyokaa kwa Wazungu: mchana wote ni AM, usiku wote ni PM. Amri ya geti ilisema lijifunge saa kumi na mbili na nusu PM, yaani jioni jua likizama. Mimi nilipoleta saa za Nairobi, kumi na mbili na nusu PM ikawa saa sita na nusu ya mchana. Nyumba ilitii. Nilichokuwa nimehamisha ni amri bila siku yake.

Kisha nikaona lingine, na kicheko kikaniisha kidogo. Kwa hesabu hiyo, geti lingefunguka lenyewe usiku wa manane, na Yaya angezima saa saba ya usiku, vifaranga wakiwa katikati ya baridi ya Kitale. Kama Nanjala asingefika mchana ule na kufungiwa nje, mimi ningekuwa nimeshakwenda nyumbani na sifa zangu.

Nikaipeleka kompyuta mpya Brazili. Mama Respa akatazama skrini, akasema, "Sasa imetulia."

"Kuna kitu kimoja sikukielewa miaka hiyo," akaendelea. "Kila ikikaribia Krismasi, nyumba ilikuwa inaamka saa nzima mapema. Taa mapema, geti mapema, mpaka Februari. Halafu miaka hii imeacha. Nilidhani inafurahia sikukuu, halafu imezeeka kama sisi."

Nilikwenda kusoma jambo hilo baadaye. Kumbe watu wa huko walikuwa na desturi ya kusogeza saa mbele katika majira yao ya joto, halafu serikali yao ikaacha. Uamuzi huo wa watu wa mbali ulikuwa umefika mpaka kwenye banda la kuku la Kitale na hakuna aliyeupokea rasmi.

Hakuna aliyetaka kuamini maneno, kwa hiyo tukangoja jioni. Nanjala alipika samaki. Tulikula, tukatoka nje na viti, tukakaa tukiangalia geti kama watu wanaongoja maharusi. Jua likaenda nyuma ya Mlima Elgon. Saa kumi na mbili na nusu, geti likajivuta na kufunga, taa zikawaka, na baadaye kidogo tukaona mwanga mwekundu wa Yaya ukipita kwenye mbao za banda.

"Haya, Mayi," Nanjala akasema, akiinuka, "imefaulu. Nipe ufunguo niende, barabara ni ndefu."

"Kesho," Mama Respa akasema.

"Kesho?"

"Geti limefungwa. Leo wewe ndiye umefungiwa ndani. Fundi pia. Kuna kitanda na kochi, mpigane."

Nililala kwenye kochi. Magoti yangu yanakumbuka mpaka leo.

Kabla ya kuondoka asubuhi nilibandika karatasi juu ya kompyuta: Iko Brazili, usiirudishe. Hilo ndilo nililotaka kuwaachia katika habari yote hii. Ukikuta katika nyumba ya mtu kitu kinachoonekana kama kosa, na nyumba inaendelea vizuri, uliza mwenye nyumba kabla ya kukisafisha. Inawezekana ni mtu mwerevu aliyepita hapo kabla yako na kunywa chai nyingi zaidi.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Kanduyi nikafunga sensa ya mlango wa Nanjala, nikaunganisha na balbu ya kile chumba kwenye kompyuta ya Kitale. Ni chumba kizuri. Dirisha ni kubwa kweli, linatazama mti wa parachichi wa jirani. Siku hizi Nanjala anapata alama yake kila asubuhi, na Mama Respa anapata yake jioni. Nanjala aliniambia simu ikilia sasa anaweza kusikia kwanza ni nani. Habari ya kuhama haijazungumzwa tena kwa sauti, lakini haijafutwa.

Kisha juzi Nanjala akanipigia.

"Fundi, ile balbu yako imeanza mambo. Inajiwasha jioni, baadaye inazima. Chumba hakina mtu."

Nilifungua mfumo nikaangalia. Kulikuwa na amri mpya ambayo sikuiandika mimi. Jina lake lilikuwa Chumba. Washa kumi na mbili na nusu PM, zima saa tatu PM. Saa tatu usiku ndiyo saa ambayo Mama Respa huzima taa yake akalala. Iliandikwa kwa saa za Brazili, kutoka Kitale.

Nikamwambia Nanjala amwulize mama yake.

"Nimemwuliza. Ati umeme wa Bungoma ni wa Bungoma, yeye hajui."

Basi nikampigia mimi. Nikamwambia, Mama, kuna taa Kanduyi inawaka kila jioni.

"Najua," akasema. Akaniuliza habari za magoti.

Kitanda cha chumba kile kimetandikwa. Sanduku la nguo la Mama Respa liko Kitale, juu ya kabati, na ufunguo wa geti uko shingoni mwake. Taa inawaka kila jioni, inazima saa tatu, na mpaka naandika haya hakuna aliyelala humo.